Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: dadu zangu si za kamari

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KATONI 4 ZA DADU ZILIZOZUILIWA TANGU MWEZI WA PILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya sita kwako. Tano za mwanzo nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Hii naiweka hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita kijana wa dirishani alinirudishia faili akasema nikalete kwanza leseni ya kuendesha kamari. Mimi, Mheshimiwa, mchapishaji wa michezo ya mezani, ambaye wateja wangu ni watoto wa shule ya msingi.

Tumewahi kuonana. Sabasaba ya mwaka juzi ulipita na msafara wako bandani kwetu, ukavuta kiti cha plastiki ukacheza mchezo wetu wa mezani wa daladala na watoto wawili waliokuwepo. Gari lako likakwama Tazara. Binti wa darasa la tano akakupita, akashusha abiria Posta wewe bado uko foleni. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Uliponyanyuka ulinishika bega ukasema, "Ninyi ndio tunaowataka. Ukikwama popote, njoo ofisini kwangu." Nimekwama, Mheshimiwa. Nimekuja mara 11, na sijavuka meza ya katibu muhtasi wako.

Mchezo ule tuliuanza mwaka 2014, mimi na rafiki yangu, sebuleni kwa mama yangu Magomeni. Kadi tulichapisha Kariakoo kwenye karatasi za manila, tukazikata usiku kwa mkasi, na pembe zake tukaziviringa kwa kikata kucha, kadi moja moja, maana kadi yenye pembe kali haimalizi wiki kabla ya kuchanika. Mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, ubao wetu ukapitwa na wakati, tukauchora upya. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yakahama Ubungo kwenda Mbezi, tukauchora tena. Mbao zilizobaki tulizitupa kwa hasara yetu wenyewe, wala hatukumlilia mtu.

Na dadu, ili usije ukaambiwa kuwa tunadharau vya nyumbani, tulianza na za hapa hapa. Fundi wa Keko alitukatia vipande vya mninga, akatoboa vitone kwa msumari wa moto. Zilipendeza, na mkononi zilikuwa na uzito mzuri. Lakini upande wenye matundu sita hupungua uzito kuliko wenye tundu moja, na mti wenyewe haulingani pande zote. Mwanafunzi mmoja wa Temeke alirusha mara 200, akaandika kila tokeo kwenye daftari la mraba, akatuletea: sita zilizidi mno. Mtoto alikuwa sahihi. Ndipo tukaagiza China dadu 3,000 za plastiki zilizo sawasawa, ambazo nyuso mbili zinazopeana mgongo ukizijumlisha unapata 7. Hizo ndizo mlizonazo.

Kwa nini zimezuiliwa, hakuna aliyenieleza kwa maandishi, kwa hiyo nabaki kubuni. Katika orodha ya forodha inayotumika duniani, michezo ya mezani na meza za kasino zimo kifungu kimoja, 9504. Nadhani mtu aliona namba hiyo, akapasua katoni, akaona dadu, akafunga hesabu. Au ni neno lenyewe gemu, ambalo mtaani siku hizi limemezwa na kubeti. Au kuna kitu nilitakiwa kukitoa mkononi, nami sikuelewa lugha. Hilo sitaki kuliamini, lakini miezi minne ya "njoo kesho" inamfikisha mtu huko.

Kamari ni fedha inayowekwa mezani. Dadu ni plastiki. Ludo zimejaa Kariakoo zikiwa na dadu ndani, na mtoto ananunua kwa fedha ya soda. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, alilicheza hata Mwalimu Nyerere, na wazee wanalicheza vibarazani mpaka leo bila kuulizwa leseni. Hata huko Marekani, Gary Gygax na Don Kaye walipoanzisha kampuni yao ya michezo, TSR, mwaka 1973 katika mji mdogo wa Lake Geneva, ilikuwa kazi ya nyumbani kama yetu. Mwaka uliofuata walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu, masanduku wakiyapanga kwa mikono yao. Zile dadu za nyuso nyingi walizinunua kwa muuza vifaa vya shule. Vifaa vya shule, Mheshimiwa! Leo mchezo ule uko mikononi mwa kampuni kubwa ya michezo, Hasbro, na dunia nzima inaucheza. Sisi hatujaomba kuwa Hasbro. Tumeomba mzigo wetu.

Seti 1,500 zimejaa sebuleni kwa mama mpaka darini, zote hazina dadu. Mama ana miaka 71, anapita ubavu kwenda jikoni. Shule zilizolipa nusu zinadai fedha yao. Mke wangu alikopa kwenye kikundi chake ili tulipie mzigo huu, na sasa kila Jumamosi anakwenda kukaa mbele ya wenzake akiwa hana rejesho. Rafiki yangu tuliyekata naye zile kadi ameondoka, anaendesha bodaboda. Simlaumu. Gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda kila kukicha, na tayari zimezidi bei ya dadu zenyewe. Mzigo mliouzuia ninyi, ulinzi wake nalipa mimi.

Nilitaka niombe mengi: gharama zifutwe, nipewe sababu kwa maandishi, ofisi yako itoe mwongozo unaotenganisha mchezo wa mezani na kamari ili mwingine asipite nilikopita. Bado nayataka yote. Lakini kwa leo naomba hili moja tu. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi nitakuwa nje ya ghala, nikiwa na sanduku moja la mchezo ule ule ulioucheza. Tuma mtu yeyote mwenye mamlaka. Afungue katoni moja mbele yangu, atoe dadu mbili, aziweke ndani ya sanduku lile aone zinakokaa.

Ukija mwenyewe, kiti cha plastiki nitakibeba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchapishaji wa michezo ya mezani,
Magomeni, Dar es Salaam