Palacios si kadi nyekundu tu

Mhariri,

Wilson Palacios, kiungo wa zamani wa Honduras, akitajwa siku hizi, haraka inafuata kadi nyekundu ya Porto Alegre, Kombe la Dunia la Brazil: Juni 15, 2014, Honduras dhidi ya Ufaransa, kadi mbili za njano zote kwa purukushani na Pogba, penalti ya Benzema, mwisho 3-0. Yalitokea hayo, sikatai. Ila kiungo yule kukumbukwa kwa kipindi kimoja ni kumdhulumu.

Alitoka La Ceiba, pwani ya kaskazini ya Honduras. Kocha Steve Bruce alimtoa klabu ya Olimpia ya Honduras kwa mkopo hadi Birmingham ya England mwaka 2007, na alipohamia Wigan akamchukua tena. Haikupita muda: Januari 2009 Tottenham wakamnunua kwa takriban pauni milioni 12. Ni fedha nyingi kwa namba sita, mtu ambaye kazi yake ni kukaba, kupora mpira na kuwaachia mafundi waucheze. Msimu wa kwanza kamili aliokuwa nao, timu ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Ligi ya Mabingwa.

Mechi ambayo ningependa vijana waitafute ni ya Ligi ya Mabingwa, Februari 15, 2011, Tottenham ugenini San Siro, Milan. Modrić, fundi wa kati wa Tottenham, alianzia benchi. Katikati wakapangwa Palacios na Sandro, mbele yao AC Milan ya Ibrahimović, Robinho na Gattuso. Milan hawakupata bao. Dakika ya 80 Lennon alikimbia na mpira, akampa Crouch, 1-0, na sifa zote zikaenda kwa hao wawili. Bila waliokuwa wanafunga njia pale kati tangu filimbi ya kwanza, bao moja lisingetosha.

Na alicheza akiwa amebeba msiba. Oktoba 2007 mdogo wake Edwin, kijana mdogo kabisa, alitekwa nyumbani kwao. Familia ikalipa fedha za kumkomboa, hakurudishwa. Mei 2009, Wilson akiwa Tottenham, mabaki ya Edwin yalipatikana. Mwaka uliofuata Honduras ikaja hapa Afrika, Afrika Kusini, kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia tangu 1982, na kikosini walikuwamo Wilson, Johnny na Jerry, ndugu watatu wa familia hiyo hiyo. Hakuna nchi iliyowahi kupeleka ndugu watatu katika kikosi kimoja cha Kombe la Dunia kabla yao.

Stoke, alikokwenda mwaka 2011, hakupata namba ya kudumu, na baadaye alirudi kuichezea Olimpia.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba mnapotuletea makala za wachezaji wa zamani, msiishie kwa wafungaji. Anzeni na viungo wakabaji, na Palacios awe wa kwanza.

Msomaji wako,
Morogoro