Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Barabara Inapanuliwa, Vibanda Vyetu Viende Wapi?

Wanachama wenzangu, wachuuzi wa kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, wa Salgaa, Sachangwan, Kibunja na Mau Summit, hamjambo.

Mambo ya ndani ya chama nitayapitia haraka, maana mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe. Michango inaingia, ingawa wenzetu wa waru (viazi) bado wanangoja bei ipande ndipo walipe. Mnajijua.

Mwaka huu gumzo lilikuwa barabara. Novemba 28 Rais alizindua upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi, karibu na Limuru, hadi Mau Summit, kilomita 175, pamoja na kilomita 58 za njia ya Mai Mahiu. Wengi mliniambia hadithi hiyo mnaijua tangu 2020, mkataba ulipotiwa saini na kampuni za Ufaransa kisha ukavunjwa. Mna haki ya kushuku. Safari hii kazi imegawanywa: CRBC, kampuni ya Kichina, pamoja na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wanajenga Rironi hadi Gilgil na ile ya Mai Mahiu, nao Shandong Hi-Speed, kampuni nyingine ya Kichina, wanachukua kilomita 94 kutoka Gilgil, kupitia Nakuru, hadi hapa kwetu. Kwa hiyo mtu akija kibandani akidai anaandikisha majina kwa niaba ya CRBC, muulizeni amepoteaje njia.

Mimi siipingi barabara hii. Mteremko wetu tunaujua: lori limejaa, dereva anaweka gia huru kubana mafuta, breki zinachemka. Januari 2009 lori la mafuta liliwaka Sachangwan, watu zaidi ya 100 wakafa. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018, wengine 36 wakafa Migaa. Lakini ajali inayoninyima usingizi ni ya Londiani, Juni 30, 2023. Lori liliacha lami likaparamia steji na soko la kando, watu 52 wakapoteza maisha. Miongoni mwao walikuwa wachuuzi kama sisi, bidhaa zao zikiwa hatua chache tu kutoka barabarani. Ndiyo maana sitasimama mbele ya mtu yeyote kudai turudishiwe nafasi ileile ya ukingoni.

Tatizo letu ni wateja. Mau Summit ndipo barabara inapogawanyika, moja ikienda Kericho, Kisumu na Busia, nyingine Timboroa, Eldoret na Malaba. Magari ya Uganda yote yanayofuata njia hii, ya kwenda na ya kurudi, yanatupitia. Lakini waliopo Salgaa wameshaona mambo tangu ukuta wa zege ulipowekwa katikati baada ya ajali ile ya Migaa ya Desemba 31, 2017: gari la upande wa pili unaliona, dereva anakupungia mkono, na kununua hawezi. Njia zikiongezwa, hali hiyo itafika kwa wengi wetu. Bila mahali pa malori kuegesha, bila steji iliyotengwa, bila kivuko cha watu kwa miguu, tutabaki tukihesabu magari.

Ushuru nao upo. Kiwango kilichotangazwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita, yaani shilingi 1,400 ukienda mwendo mzima. Lori litalipa zaidi, na mwenye lori hatazitoa mfukoni mwake. Atazikata kwenye bei ya gunia lako.

Walio ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara kando ya lami, tafadhali msimwage saruji wala msiongeze chumba sasa. Najua wapo waliokwisha kuanza wakitumaini fidia. Ardhi ya hifadhi si yetu, na matofali hayatabadilisha hilo.

Kamati inaleta hoja mbili mzipigie kura leo. Ya kwanza, tumwandikie mwanakandarasi, Mamlaka ya Barabara Kuu na serikali ya kaunti, tukiomba soko lenye maegesho ya malori, mbali na lami, lichorwe kwenye ramani kabla ya kazi kufika kwetu. Ya pili, kila kituo kichague wawakilishi wawili, mmoja wao awe mama wa soko, waandikishe nani anauza nini na amesimama wapi. Wenye kumbukumbu za mkutano uliopita wazilete mezani, tuanze na hoja ya soko.