Barua kwa mwanangu aliyeko Fungu Kizimkazi

Kibirizi, Kigoma

Mama yangu,

Huku wazima sote. Mwezi ni mkubwa, karabai hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi wako majumbani na mimi nimepata nafasi ya kukujibu kwa kirefu.

Nimekisoma chote ulichoandika kuhusu hicho kisiwa mnakohesabu ndege wa baharini. Jiwe la matumbawe peke yake kusini-mashariki mwa Unguja, hakuna hata mti wa kujistiri. Membe weupe wenye uso mweusi wanataga chini, mara nyingi mayai mawili, na kinda anayetangulia kuanguliwa humsukuma mdogo wake nje mpaka afe. Nilimsimulia bibi yako tukiwa mezani, akasusa kula. Na buabua wenye mgongo mweusi, yai moja tu, likiachwa wazi kwenye jua la mchana linakufa, ndiyo maana mnahesabu viota alfajiri na kuondoka upesi. Hapo nawapongeza.

Lakini maneno yako juu ya wavuvi wanaofika hapo kisiwani sikuyapenda. Unasema wanajaza mayai ndoo, na mkiwauliza wanajibu, "Mbona ndege wapo wengi kama zamani?" Ukawaita waongo. Hawasemi uongo, mwanangu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba buabua huyo anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, na kinda lake hukaa miaka kadhaa, mara nyingi 6 au kuzidi, ndipo lirudi kutaga. Basi wakiokota mayai yote mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa tatu, wazazi watarudi vilevile na makelele yao. Mvuvi akiangalia juu anaona ndege tele. Pengo litakuja kuonekana siku wakongwe wanapokwisha na nyuma yao hakuna mtu. Macho hayaoni umri wa ndege. Zile pete za chuma mnazowavisha mguuni ndizo zinazouona. Yule albatrosi, ndege wa baharini wa kisiwa cha Midway huko Pasifiki, aliyevishwa pete mwaka 1956 na akataga tena 2024, bila pete nani angemjua? Waonyeshe wavuvi hizo pete. Wape wazishike, wasome namba.

Wala usiwaambie "tufunge kidogo tu, watarudi", kama tulivyoambiwa sisi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vichanja vyangu vilikuwa vitupu na ada ya mdogo wako ilitoka kwenye kikoba. Tuliumia. Ila dagaa anataga mayai kwa maelfu na maisha yake hayafiki miaka 2, ukimpumzisha anaongezeka upesi. Ndege wa yai moja hana haraka hiyo. Mvuvi aelezwe hilo kabla hajazuiwa. Hapa mwaloni wengi wetu tarehe ilitufikia kwanza, sababu ikaja inatambaa nyuma, na mpaka leo wapo wanaonung'unika.

Tazama Gombe, hifadhi ya sokwe, ambako boti zake zinaondokea hapahapa kwetu. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza, alifika 1960 kuwatazama hao sokwe. Mradi wa TACARE, wa kukaa na wanavijiji wazungumze miti, maji na mashamba, ulianza 1994, misitu ya nje ya hifadhi ikiwa imeshafyekwa. Miaka 34! Nyinyi msingoje hivyo.

Kaeni nao, waulizeni wanampataje jodari. Watawaambia wanafuata ndege: jodari anawasukuma visamaki juu, buabua wanashuka kuwadaka, na mvuvi naye anageuza chombo kuelekea huko. Hoja yenu iko kinywani mwao tayari. Waongezeeni ile habari ya Visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, utafiti wa 2018: miamba iliyo kando ya visiwa visivyo na panya ilikuwa na samaki wengi zaidi, karibu nusu zaidi kwa uzito. Panya wakila mayai na makinda, ndege wanakwisha, na mbolea yao haishuki tena baharini kulisha matumbawe. Mvuvi wa Kizimkazi hiyo ataielewa haraka kuliko mwenye shahada.

Na hapohapo nikuulize: mizigo yenu mnaikagua kabla ya kushusha? Hukuniandikia. Hayo magunia na maboksi ya vyakula, panya jike mmoja mwenye mimba akishuka nayo, hao mnaowalaumu kwa ndoo za mayai watakuwa wamefanya kidogo sana. Yafungueni bandarini, yote, hata la mkubwa wenu.

Nimekutumia dagaa na dumu la mawese kwa basi la kesho. Ni mengi kwa makusudi, si ya kula peke yako hemani. Mkirudi Unguja wapikie hao wavuvi kabla ya kuanza kuwahutubia. Kisha niandikie kama mkubwa wenu amekubali wawili kati yao waingie kwenye timu ya kuhesabu, na kama watalipwa posho sawa na nyinyi.

Mama yako