Vioo vya majengo mapya na ndege wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaochora ramani za majengo na wanaozipitisha. Hoteli na ofisi nyingi mpya, Unguja na hata huku Pemba, hupendelea kuta za vioo kuanzia sakafuni hadi darini, na vioo hivyo huua ndege. Ndege hajui kwamba kioo ni kizuizi. Akiuona mnazi na anga ndani yake, hurukia huko kwa kasi yake yote. Anayepita alfajiri humkuta chozi amelala chini ya dirisha, na juu yake kioo kina alama ya vumbi la manyoya yenye umbo la bawa. Jua likipanda pameshafagiwa, au paka ameshapita, na mwenye jengo ataapa kwamba kwake hapajafa ndege.

Marekani, ambako wataalamu wamefanya hesabu, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 ni ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka, na wengi wao hufa kwenye nyumba za kawaida na majengo ya ghorofa chache, yaani ya kimo kama cha haya yetu. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo ninga wa Pemba.

Dawa yake inajulikana. Kioo hutiwa nukta au mistari kwa upande wa nje, isiyoachana zaidi ya sentimita 5; ile stika moja ya kipanga inayobandikwa katikati haifui dafu, kwani ndege huikwepa na kujigonga pembeni yake. Jengo la mikutano la McCormick Place, Chicago, lililoua karibu ndege 1,000 kwa siku moja Oktoba 2023, lilibandikwa nukta hizo mwaka uliofuata na vifo vikapungua mno. Jiji la New York limeshaitungia sheria kwa majengo mapya, inayotumika tangu 2021. Nasi mafundi wa Mji Mkongwe walituachia madirisha ya vibao vya mbao, yanayopitisha upepo, yanayozuia jua, na ambayo ndege huyaona.

Naomba, basi, sharti la vioo kuonwa na ndege liingizwe katika vibali vya ujenzi, na tathmini za mazingira zinazopelekwa ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira Zanzibar, zieleze ukubwa wa vioo na miti inayovikabili, hasa kwa majengo yaliyo karibu na Msitu wa Ngezi, kabla makontena ya vioo hayajashushwa bandarini.

Mkaazi wa Wete,
Pemba