Nilimtilia mume wangu dawa ya kuacha pombe, sasa anamshuku kaka yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, nashona nguo hapa Moshi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Ndoa yetu ina miaka 16, na tisa ya mwisho yote ni ya pombe.

Sisi ni Wachaga, kwetu mbege si dhambi. Ni ndizi na ulezi, mtu anakunywa kata moja kwenye kipaimara, anarudi nyumbani kukatia ng'ombe majani. Mume wangu naye alianza hivyo hivyo. Kisha vikaja viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nilimshukuru Mungu kwa magoti, lakini haukupita mwezi akawa amehamia kwenye gongo na vichupa vya pombe kali. Anapokea kianzio cha geti la mtu, hela inaishia kilabuni, na mwenye geti anakuja kunifokea mimi kwenye cherehani mbele ya wateja.

Mwaka huu wifi yangu alinijia na vidonge kwenye kitambaa. Akasema ni disulfiramu, wengine huiita Antabuse. Kuna mwenzake alimtilia mumewe kwenye chai, leo ni mzee wa kanisa. "Usimwambie, wanaume wakiambiwa hawamezi." Nilikubali haraka, sitakuficha. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata angeniletea majivu ya mganga ningeyakoroga.

Wiki ile hakuwa na hela, kwa hiyo hakuwa amekunywa. Siku tatu mfululizo nikasaga kidonge nikakitia kwenye uji wake wa ulezi asubuhi. Jumamosi tukaenda kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yake, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Shemeji ndiye aliyekuwa akigawa mbege. Kama ilivyo desturi alionja kwanza yeye, akampa mdogo wake kata.

Nusu saa haikufika. Uso ulimwiva, macho yakawa mekundu, mishipa ya shingo inaruka, akawa anashika kifua huku anatapika. Akaangukia kwenye migomba. Watu wakaanza kupiga kelele za sumu, na macho yote yakamgeukia shemeji.

Hospitalini daktari aliuliza kama kuna dawa anayotumia. Mume wangu akajibu hapana, kwa sauti ya kukatika. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kama dakika kumi hivi, Shangazi, na dakika hizo ndizo zinazonikosesha usingizi mpaka leo. Nilipoona presha inazidi kushuka na wanahangaika na dripu, nikamvuta nesi kando nikasema.

Baada ya hali kutulia daktari aliniita kwenye korido. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza kuwa ini huivunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa kitu chenye sumu, halafu sumu hiyo nayo hugeuzwa kuwa kitu kisicho na madhara. Kidonge kinaifunga ile hatua ya pili, sumu inajaa kwenye damu. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufa palepale. Ndiyo maana kwanza wanapima ini na moyo, mgonjwa akae angalau saa 12 bila tone la pombe, na lazima awe amekubali mwenyewe, kwa sababu baada ya kumeza anatakiwa aogope hata dawa za kikohozi zenye kilevi ndani. Kidonge cha mwisho kinaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili. Akanitaka nimwambie mume wangu kabla hajaruhusiwa. Nikaahidi.

Sikumwambia.

Usiku mmoja nilisoma kwenye simu kwamba hiyo dawa waliifahamu Wadenmaki wawili miaka ya 1940, Jens Hald na Erik Jacobsen. Walikuwa wanaitafutia kazi ya kutibu minyoo, wakaimeza wenyewe kuijaribu, walipokunywa pombe wakaumwa. Nilizima simu. Wale walikuwa wanajua wamemeza nini.

Sasa sikia kilichofuata. Mume wangu aliacha kunywa. Wiki sita, Shangazi! Alilipa ada, akamaliza mageti matatu ya watu, Jumapili akawa anatangulia kuvaa viatu vya kanisani. Lakini aliacha kwa sababu anaamini kaka yake alitaka kumuua. Wana mgogoro wa mpaka wa kihamba tangu baba yao afariki, kwa hiyo hadithi imekaa sawa kabisa kichwani mwake. Ametukataza kula kwa shemeji. Watoto wetu hawachezi tena na binamu zao. Shemeji alikuja na mbuzi kuomba wazungumze, akafukuzwa getini na mbuzi wake. Nilikuwa dirishani na sindano mkononi, sikutoka.

Nilijidanganya kuwa nikisema ukweli atarudi kwenye pombe, basi bora shemeji abebe kidogo, mambo yatapoa. Kumbe hata hilo halikusimama. Wiki mbili zilizopita alikuja na bia ya chupa, akaifungua mwenyewe mbele yangu, akanywa taratibu akinitazama. Dawa ilishatoka mwilini zamani, kwa hiyo hakuna kilichotokea. Akaweka chupa chini akasema, "Unaona, mama? Pombe haina shida. Shida ni mtu." Tangu siku hiyo anakunywa za chupa tu, jana zilikuwa nne.

Wifi anasema nianze tena kumtilia. Nilipomkumbusha alivyoanguka akasema safari hii tuweke nusu. Mama mkwe hajui lolote, yeye anafunga na kusali ili wanawe wapatane, na kila akiniombea niwe mke mwenye hekima natamani ardhi ipasuke.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Alisema kwenye uji nisirudie kamwe, iwe nusu au robo. Akasema mume wangu akikubali kwenda mwenyewe, watampima, na kuna dawa za aina nyingine zinazopunguza hamu bila kumwangusha mtu. Hata disulfiramu anaweza kuitumia, ila kwa kumeza mwenyewe asubuhi, mimi nikiwa naona. Lakini atakubalije kumeza kidonge mbele yangu akishajua nilichomfanyia?

Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wazee wataketi kuamua kama shemeji aape. Kwetu kiapo si mchezo, na shemeji ni mtu wa presha. Nauliza hivi: nimwambie mume wangu faraghani kabla ya kikao, nikijua anaweza kunirudisha kwetu siku hiyo hiyo? Nianze kwa shemeji, niliyemkosea zaidi, nimwombe radhi kisha twende pamoja? Au nimtafute padri au mzee mmoja wa ukoo akae kati yetu ndipo niseme? Na ule wito wa daktari niutie kwenye mazungumzo hayo hayo, au nisubiri hasira ishuke kwanza?

Naomba unijibu mapema. Vidonge vilivyobaki nimeviweka kwenye kopo la vifungo, na wifi amenipigia mara mbili leo kuuliza kama nimeanza.

Mama wa Wawili, Moshi