Kanuni ya mfuatano bila namba ya kuanzia haijakamilika

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu maswali ya mfuatano wa namba katika aljebra. Wanafunzi wengi wakipewa 3, 7, 15, 31, 63 hutafuta tofauti, wakaona 4, 8, 16, 32 zinaongezeka maradufu, wakaishia hapo. Mpangilio wameuona, lakini kanuni inayozaa kila namba kutokana na iliyoitangulia hawajaiandika.

Ipo njia isiyohitaji kubahatisha. Chukulia kwamba namba iliyotangulia inazidishwa kwa p, kisha inaongezwa q. Kutoka 3 kwenda 7 tunapata 3p + q = 7; kutoka 7 kwenda 15, 7p + q = 15. Toa mlinganyo wa kwanza kwenye wa pili: 4p = 8, hivyo p = 2 na q = 1. Kazi haijaisha. Jozi mbili zilizotupa p na q lazima zikubali, kwa hiyo hazithibitishi kitu. Ushahidi uko kwenye jozi zilizobaki: 2 × 15 + 1 = 31, na 2 × 31 + 1 = 63. Hapo ndipo tuandike a₁ = 3, aₙ = 2aₙ₋₁ + 1, ambapo a₁ ni namba ya kwanza, aₙ ni namba iliyo nafasi ya n, na aₙ₋₁ ni iliyoitangulia.

Jaribu njia hiyohiyo kwa 1, 3, 6, 10, 15. Utapata p = 1.5 na q = 1.5, lakini baada ya 6 inakuja 10.5 badala ya 10. Iache, urudi kwenye tofauti: 2, 3, 4, 5. Kinachoongezwa ni nafasi ya namba yenyewe, basi a₁ = 1, aₙ = aₙ₋₁ + n.

Kuacha a₁ ni kosa kubwa kuliko linavyochukuliwa. Kanuni ile ya kwanza ikianzia 5 inaleta 5, 11, 23. Ikianzia −1 inabaki −1 daima. Mfuatano wa Fibonacci, ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, unadai namba mbili za kuanzia. Mwandiko nao uangaliwe: n − 1 isiposhushwa yote, aₙ₋₁ husomeka aₙ − 1, na kanuni inakuwa aₙ = 2aₙ − 1 + 1, yaani kila namba ni 0.

Watunga mitihani nao waache kuuliza “namba inayofuata ni ipi?” bila kusema mfuatano umetoka wapi. Weka nukta kwenye mzingo wa duara, ziunganishe zote kwa mistari iliyonyooka, mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani, kisha hesabu vipande vya duara kwa nukta 1 hadi 5: 1, 2, 4, 8, 16. Anayejibu 32 ana hoja, ila nukta 6 hutoa vipande 31.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro