Kwa nini invoisi yako inaangukia kwenye spamu

Lalamiko tunalolipokea sana kutoka kwa wenye biashara ni hili: profoma imetumwa asubuhi, mteja anasema hajaiona, jioni inakutwa kwenye folda ya spamu. Wengi hudhani wameandika neno baya. Mara nyingi chanzo ni cha zamani zaidi.

Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwatumia tangazo watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, akiwaalika kwenye maonyesho ya kompyuta Los Angeles na San Mateo. Anwani zilizidi nafasi yake, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Mtandao ulikuwa wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na wasimamizi wake walikasirika. Lakini Thuerk amesema tangazo lile liliuza mashine za mamilioni ya dola. Biashara yote ya barua taka imesimama hapo: kutuma hakugharimu kitu, na mnunuzi mmoja anatosha.

Jon Postel, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikwishaona hatari hiyo. Novemba 1975 aliandika kwamba kompyuta ndani ya ARPANET haina namna ya kuchagua ujumbe wa kukataa. Hata hivyo SMTP, utaratibu aliouandika mwaka 1982 na unaobeba barua pepe mpaka leo, haukuweka njia ya kuhakikisha kwamba anayejitaja mtumaji ndiye kweli. Watumiaji walikuwa wachache, wakiaminiana. Ndiyo maana tapeli anaweza kuandika barua kwa jina la kampuni yako bila kuijua nywila yako.

Kuwafukuza matapeli peke yake hakukutosha. Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyohifadhi seva za watuma spamu, ilipokatiwa intaneti, barua taka duniani zilishuka kwa zaidi ya nusu. Baada ya miezi michache zikarudi. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinamdai kila anayetuma kwa wingi athibitishe domeni yake (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani), na hata mtumaji mdogo asiyejithibitisha hutiliwa shaka.

Uthibitisho huo ndio kazi yetu, nao hufanywa kwa rekodi tatu zinazowekwa kwenye mipangilio ya domeni. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM hugonga kila barua mhuri usioghushika kirahisi. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini barua ikifeli ukaguzi huo. Hii ya mwisho tunaianza kwa kuangalia ripoti tu, kwa sababu ukikaza siku ya kwanza unaweza kuzuia hata invoisi za mfumo wako wa uhasibu.

Jambo moja hatulifanyi, hata kwa malipo makubwa: kutuma matangazo kwa orodha ya anwani iliyonunuliwa. Wapokeaji wakianza kubonyeza kitufe cha spamu, domeni yako inachafuka, na kuisafisha huchukua muda mrefu.

Tutumie jina la domeni yako tukague rekodi zake kabla hujalipa chochote. Mabadiliko yake huweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, kwa hiyo usisubiri siku ya kutuma zabuni.